Ndizi za Lukaya: daftari la safari ya mgambo mmoja

Jumatatu, 14 Julai 2025. Morogoro hadi Dodoma

Mjukuu wangu ndiye aliyekata tiketi kwenye simu, ndiye aliyebeba begi, na ndiye atakayeyachapa maandishi haya nikishamaliza. Msomaji akikuta maneno ya kijana humu ndani, ajue si yangu.

Treni hii ya umeme haikupi nafasi ya kufikiri. Mwaka 1978 tulitolewa Morogoro kwa treni ya zamani, mabehewa yamejaa vijana wa mgambo wa Matombo, Mgeta, Kilosa na Ifakara, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Mwalimu Nyerere alikwishasema redioni kwamba nia ya kumpiga tunayo, sababu tunayo na uwezo tunao, na kijana wa miaka 20 akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Wengi wetu hatukujua Kyaka iko wapi. Tulijua tu kwamba nduli Iddi Amin wa Uganda amevuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, ametangaza kwamba nchi yake sasa inaishia mto Kagera, na daraja la Kyaka limelipuliwa.

Leo nimekaa kiti cha kando ya njia. Mjukuu alitaka nikae dirishani nione milima. Nikamwambia milima naijua. Sikai mahali nisipoweza kutoka haraka, na kwa kuwa ameshanizoea hakubishana.

Safari hii ina mambo mawili. La kwanza ni Kaboya, kuwaona wenzangu waliolala pale. La pili ni mtu mmoja yuko Kanyigo, wilaya ya Missenyi, ambaye nilimwacha Bukoba mwaka 1983 bila kumuaga. Mjukuu alimpata kupitia kundi la WhatsApp la walimu wastaafu. Nilidhani hatajibu. Alituma sauti fupi: "Mwambie aje. Asiniletee maneno ya kwenye simu."

Dodoma tumelala nyumba ya wageni karibu na stendi. Zamani kijijini kwetu ukitaja Dodoma watu hawakufikiria makao makuu, walifikiria Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. "Mpelekeni Mirembe," nimesemwa hivyo mara nyingi, tena mbele yangu, utadhani sisikii. Wengine walisema nina mashetani. Nikapelekwa kwa mganga, nikachanjwa chale, akachinjwa kuku mweusi. Marehemu mke wangu alilipa kuku huyo kwa fedha ya mbegu za mpunga, na usiku uleule nikaamka tena napiga kelele. Huyu kijana, anayesomea uuguzi, ndiye wa kwanza kuniambia kwamba ninachoumwa ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una matibabu. Akanipeleka kwa daktari. Nikapewa vidonge, na nikafundishwa jambo ambalo mwanzoni nililiona la kitoto: hofu ikinipanda, nitaje kwa sauti vitu vitano ninavyoviona, vinne ninavyoweza kuvigusa, vitatu ninavyovisikia. Nikamwambia daktari, mwanangu, kilichonipata hakiondoki kwa kuhesabu. Akasema, "Hakiondoki, baba, ila kinakaa mbali kidogo." Nilimheshimu kwa jibu lile.

Jumanne, 15 Julai. Dodoma hadi Mwanza

Basi limeondoka kukiwa bado giza. Manyoni nimelala kidogo. Tumeipita Singida, na mbele kidogo, penye yale mawe makubwa, tairi la nyuma likapasuka.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye kiti. Ninachokumbuka ni sakafu ya basi mbele ya pua yangu, maganda ya karanga, na kiatu cha mama mmoja. Watu wakacheka. Siwalaumu, mzee wa miaka 67 kulala kifudifudi kwenye njia ya basi ni kichekesho. Mmoja akasema, "Mzee kaangusha hela." Mjukuu wangu akainuka, akasema bila kelele, "Babu yangu alipigana vita vya Kagera." Basi zima likanyamaza, na hapo nikatamani waendelee kucheka. Kicheko kinaisha. Huruma ya basi zima unasafiri nayo mpaka Mwanza.

Mama mwenye kiatu alininunulia soda Nzega. Aliangalia kovu la kwenye mkono wangu wa kulia, chini ya kidole gumba, akauliza kama ni la vita. Nikasema ndiyo, la Uganda. Akaniambia baba yake pia alikwenda, akarudi mzima, hana hata mkwaruzo. Kisha akaanza kuchimba shambani usiku. Kila baada ya siku kadhaa wanakuta shimo refu, lina kina cha kifua, limechimbwa vizuri kabisa. "Sisi watoto tulidhani anatafuta hazina ya Wajerumani," alisema. "Tukawa tunamsaidia."

Nilimwambia kwamba yale yalikuwa mahandaki. Akasema alikuja kuelewa baadaye sana, mzee akiwa ameshakufa. Tangu hapo hatukuzungumza tena mpaka stendi ya Nyegezi, ila alipokuwa anashuka alinishika bega.

Jumatano, 16 Julai. Mwanza hadi Bukoba

Nilitaka meli, lakini ratiba haikuoana na siku zetu. Tumepita daraja jipya la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 19, kilomita tatu juu ya maji. Zamani hapo ni kivuko na kusubiri. Mjukuu amepiga picha zisizo na idadi. Mimi daraja likiwa refu hivyo nafumba macho, basi.

Meli niliitaka kwa sababu Koku, huyo wa Kanyigo, nilikutana naye melini, kwenye MV Victoria, mwaka 1980. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la bati, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Meli inayumba, yeye kalamu yake nyekundu haiyumbi. Alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wale vijana waliopewa madarasa kabla ya ndevu na matiti kukomaa vizuri. Nikamuuliza kama hasikii kichefuchefu. Akasema, "Hizi insha zinanitia kichefuchefu zaidi." Nikasoma moja, tukacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kuna nini.

Nilikuwa nimeshaachiwa jeshini. Wenye namba, askari wa kudumu, walirudi kambini, sisi mgambo tukapigiwa makofi na kurudi majembeni. Nyumbani hakukukalika. Mama alikuwa akiniuliza mambo, nami nikawa mkali kwa mama. Nikasikia kuna kazi ya kupakia magunia kwenye ghala la kahawa Bukoba, nikaenda. Mkoa wenyewe ulikuwa umebadilishwa jina baada ya vita, tuliukuta ukiitwa Ziwa Magharibi, sasa ukawa Kagera. Nilidhani nikikaa karibu na yalipotokea, yatanizoea.

Tuliishi Kashai, chumba na sebule. Wazee wangu walisafiri kutoka Matombo na barua ya posa, wakapokewa vizuri. Hakuna kilichotushinda isipokuwa chakula.

Mhaya asipokula ndizi hajala. Anaweza kula wali, samaki na maharage, akilala atakuambia leo sijala. Nami harufu ya ndizi ikiwa motoni nilikuwa siivumilii. Ikianza tu, jasho linanitoka na masikio yanaziba. Koku alijaribu kila njia. Alipikia kwa jirani. Alipika nikiwa kazini, kisha anafungua madirisha na kuchoma ubani. Akija mama yake na mkungu kichwani kutoka kijijini, zawadi ya mkwe, mimi natoka kwenda kutembea ziwani mpaka usiku. Mkwe wangu akasema Mluguru anajiona. Koku aliniuliza ni kitu gani. Nikasema tumbo. Miaka mitatu nilisema tumbo.

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa wahujumu uchumi. Sabuni hakuna, sukari hakuna, watu wanatupa bidhaa ziwani usiku wa manane kwa kuogopa msako. Usiku mmoja mvua kubwa ilipiga bati. Nilipozinduka mikono yangu ilikuwa shingoni mwake. Hakupiga kelele, hakuwa na pumzi ya kupigia kelele. Alikuwa ananipigapiga begani taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Asubuhi alijifunga kitambaa shingoni akaenda kufundisha. Mimi nikaenda bandarini.

Alhamisi, 17 Julai. Kaboya

Tumerudi nyuma kutoka Bukoba hadi wilaya ya Muleba kwa gari dogo, kisha bodaboda. Kaboya ni eneo la jeshi, huingii kama sokoni. Mjukuu alikuwa ameshaandika barua na kupiga simu. Pale langoni askari wa zamu alikuwa binti. Aliponiuliza brigedi gani nikamwambia 201, akabana miguu na kuniita afande. Nikamwambia mimi si afande, niliishia mgambo. Akasema, "Hapa ndani hakuna mgambo, mzee. Wote ni wanajeshi."

Wamezikwa pale 435. Kuna mnara mweupe wenye majina, na makaburi yamepangwa kwa mistari. Mjukuu alikuwa akisoma majina kwa sauti ya chini: huyu wa kusini, huyu wa Mara, huyu wa Unguja. Dini zote, makabila yote. Mimi nilikuwa natafuta wawili, mmoja wa Newala na mwingine wa Mgeta, jirani yangu kabisa, ambaye dada yake nilicheza naye ngoma. Nimempata mmoja.

Nilikuwa nimejiandaa kulia na kilio hakikuja. Kilichonijia ni hasira ndogo ya kijinga: kwamba nyasi zimekatwa vizuri mno. Wale jamaa hawakuwahi kuwa nadhifu. Yule wa Newala alivaa buti moja lake na jingine la mtu mwingine, namba tofauti, akawa anachechemea kwenye gwaride mpaka sajini akadhani amepigwa risasi.

Nikamweleza binti askari habari ya buti. Akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Nikamwambia acheke, hilo ndilo jambo zuri ninalolijua juu yake.

Ijumaa, 18 Julai. Bukoba

Mvua. Usiku sikulala, nilikaa kwenye kiti mgongo ukutani mpaka alfajiri. Asubuhi tumekwenda Kashai, nyumba ile haipo, pana ghorofa. Tumerudi.

Jumamosi, 19 Julai. Kyaka, kisha Kanyigo

Kyaka mto unakwenda taratibu, rangi ya chai ya maziwa. Novemba 1978 tuliukuta hauna daraja, na wahandisi wakaweka la muda ndipo tukavuka. Upande wa pili hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na kuku, hapakuwa na bati juu ya nyumba. Waliouawa katika eneo lile wanakadiriwa kufikia 1,500, raia watupu. Magofu ya kanisa yapo mpaka leo kwenye kilima. Sisi tuliokuja kutoka mbali ndipo tulipoacha kuimba.

Kutoka hapo ni gari la abiria hadi Kanyigo. Mjukuu alikuwa na wasiwasi kuliko mimi, kwa sababu huku nyumba ziko ndani ya migomba. Kila kaya ina kibanja chake, kahawa chini, migomba juu, mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Unapita kwenye njia nyembamba, majani makavu yanakugusa mabega. Alikuwa akiniangalia mikono.

Koku alikuwa barabarani. Amesimama pale kibanja kinapoanzia, na mwavuli, jua wala mvua hakuna. Baadaye nilielewa kwamba alikuja kunipokea ili nisiingie mle peke yangu. Nywele nyeupe zote, mgongo umenyooka vilevile.

"Habari za siku nyingi, Mwalimu," nikasema.

"Siku nyingi za nani? Mimi nilikuwepo." Akaniangalia juu mpaka chini. "Umezeeka vibaya, Mluguru." Kisha akamgeukia mjukuu wangu, uso ukafunguka. "Na huyu ndiye mume wangu, aliyenitafuta mpaka akanipata? Wanaume wengine hata kutafuta hawajui."

Kijana akachukua mwavuli, akamshika mkono, wakatangulia. Mimi nikafuata nikiangalia visigino vyao tu.

Tulipewa kahawa ya kutafuna kama desturi yao kwa mgeni. Mume wake alikwishafariki, watoto wako Mwanza na Dar es Salaam. Chakula kilipokuja, kulikuwa na sinia la ndizi na dagaa kwa ajili ya mjukuu na majirani, limewekwa nje kwenye kibanda. Mbele yangu akaweka wali na maharage, ndani, mlango umefungwa. Hakusema neno. Alikuwa anakumbuka.

Jumapili, 20 Julai. Kanyigo

Amekwenda kanisani asubuhi na mjukuu wangu, akamtembeza kwa watu wote akisema ni mume wake mpya. Waliporudi alimtuma kijana kuchuma maparachichi, tukabaki wawili.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Morogoro. Aliniacha nikasema matatu manne, akanikatiza.

"Uliwahi kuniuliza mimi nilikuwa wapi mwaka ule?"

Sikuwahi. Nilijua kwao ni kaskazini ya mto, nilijua askari wa Amin walifika huko. Nilikuwa na vitu vyote mkononi, na katika miaka mitatu ya kulala kitanda kimoja sikuuliza.

Alinisimulia akimenya maharage mabichi, hakuacha kumenya. Alikuwa na miaka 18. Askari walipoingia, mama yake aliwachukua watoto wote akawaingiza kibanjani, katikati ya migomba, akawafunika kwa majani makavu. Walilala mle siku kadhaa. Chakula kilikuwa ndizi zilizojiivia kwenye mkungu, wanakula wamelala chali, bila kuzungumza. Kaka yake alitoka kumfungua ng'ombe. Walisikia ng'ombe, hawakumsikia kaka. Usiku mwingine wakatembea mpaka mtoni, wakavushwa kwa mtumbwi, mama akilipa kwa kitenge alichovaa, akabaki na gauni la ndani. Waliporudi baada ya miezi, nyumba haina mlango, haina bati, haina sufuria.

"Kilichobaki kimesimama kilikuwa migomba," akasema. "Ilitulisha, ikatuficha, tukarudi ikatulisha tena. Halafu naolewa na mwanamume aliyekuja kutukomboa, ananiambia harufu yake inamtapisha. Ningekuambia nini?"

Basi nami nikasema. Sikuwahi kumwambia mtu, hata yule daktari nilimpa nusu.

Ilikuwa Februari 1979, tumeshaichukua Mutukula, tunaelekea Masaka. Siku mbili hatujala, magari ya chakula yamekwama kwenye tope. Tukaingia kwenye shamba la migomba lililohamwa. Yule wa Newala akawasha moto mdogo, tukazika ndizi kwenye majivu, sisi watatu. Mimi nikaenda kukata jani la kulia chakula. Kombora lilipoanguka sikulisikia, nilisikia kimya baada yake. Nilirudi na jani langu mkononi. Moto ulikuwa haujazimika. Wao walikuwa pale, na ndizi zilikuwa zimeiva.

"Nilikula, Mwalimu," nikamwambia. "Palepale. Nilikuwa na njaa, nikakaa kati yao nikala zote."

Aliendelea kumenya. Nikasubiri aniambie pole au aondoke, ndivyo nilivyokuwa nimemuwazia miaka yote, moja kati ya hayo mawili.

Akauliza, "Zilikuwa ndizi gani?"

Sikuelewa.

"Ndizi gani? Kubwa, zimepinda, ngozi ngumu?" Nikasema ndiyo. "Hizo ni za kuchoma. Huku hatuzipandi nyingi, zinachelewa kuzaa. Mwenye shamba lile alikuwa mtu wa bidii." Akafikiri kidogo. "Alirudi akakuta nini?"

Miaka 46 nimekuwa ndani ya shamba lile kila usiku na sikuwahi kumfikiria mwenyewe. Nilikuwa nalijua jani, nalijua jivu, naujua upande jua lilipokuwa. Kwamba kuna mtu aliipanda migomba ile, akakimbia, labda amewalaza watoto wake chini ya majani makavu kama mama yake Koku, hilo halikunipitia.

"Mpaka uko hapo," akasema. "Umekuja kutoka Morogoro mpaka mlangoni kwangu, halafu ugeuze? Nenda kaone watu. Na Masaka kuna vitenge, uniletee kimoja. Si cha manjano."

Jumatatu, 21 Julai. Mutukula, Masaka, Lukaya

Mjukuu alikuwa ametukatia hati za dharura za kusafiria tangu Morogoro, kumbe alishajua. Kupita Mutukula ni dirisha moja kisha jingine, malori marefu yamejipanga, vijana wa kubadilisha fedha wanakuita mzee kwa lugha tatu. Hapa tulipigana Januari 1979. Nilimwonyesha mjukuu palipokuwa na mahandaki, nadhani, pana gereji.

Shamba sikulitafuta. Kutoka mpakani hadi Masaka ni migomba kushoto na kulia, ungemuuliza nani? Niliangalia tu watu waliomo ndani yake: mwanamke anapalilia, mzee anafunga mkungu kwenye baiskeli, watoto wa shule wanakatiza.

Masaka tuliibomoa, hilo lazima liandikwe. Tuliingia Februari 24, na kulikuwa na hasira ya Kyaka. Majengo yaliyosalimika kwenye mapigano yalilipuliwa kwa baruti. Mzee mwenye duka la vitenge anajua Kiswahili, cha kijeshi, cha "wewe njoo hapa" na "kaa chini". Aliposikia lafudhi yangu akatabasamu, "Bakombozi!" Ndivyo walivyotuita. Kisha akanionyesha kona ya mtaa ambapo duka la baba yake lilikuwa. Ninyi mlilivunja, akasema, bila chuki. Nikamwambia poleni. Akasema asante, na akaniuzia kitenge kwa bei ya juu kabisa. Nililipa bila kupatana.

Kutoka Masaka kwenda Lukaya ni safari fupi. Watu wakijua nilikuwa brigedi ya 201 wanataka habari za Lukaya tu, za Walibya waliokuja kumsaidia Amin na vifaru vyao. Naam, usiku wa Machi 10 walitushukia na makombora, wengi wetu tulikuwa mgambo, tukatawanyika ndani ya mafunjo, maji mpaka kifuani, wenye shabaha wakabaki barabarani. Alfajiri brigedi ya 208 ikazunguka ikawapiga ubavuni, nasi tukajikusanya tukarudi. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ikaanguka. Kinamasi kile nimekiota mara chache sana. Kichwa kina hesabu zake.

Gari lilipopunguza mwendo Lukaya sikuwa najua. Mjukuu naye hakujua. Lukaya siku hizi ni soko la abiria: kabla magurudumu hayajasimama, vijana waliovaa makoti wamelizunguka gari, nyama kwenye vijiti, soda, maji, na ndizi. Gonja za kuchoma, za moto, zimetoka kwenye mkaa sasa hivi, zinaingizwa dirishani mpaka usoni. Harufu ikajaa gari lote.

Masikio yakaziba. Mjukuu akaanza kuvuta kioo, nikamshika mkono. Nikasema kwa sauti, na abiria wa Kiganda waliniona mwendawazimu: koti la bluu. Namba mia mbili na kumi kwenye koti. Kidole cha mtoto kina plasta. Meno ya huyu kijana, moja limevunjika. Moshi. Kisha vya kugusa: chuma cha kiti, kitenge cha Koku ndani ya mfuko, mkono wa mjukuu wangu. Cha nne sikukipata, kijana wa namba 210 akanipa. Aliniwekea gonja kiganjani, imefungwa gazeti, inaunguza.

Jasho lilinitoka lote nililonalo. Sikuila. Nililipa, nikaishika mpaka tukageuza, mpaka ikapoa, mjukuu akaniuliza kama anaweza kuila kwa sababu ana njaa. Nikampa. Niliangalia anavyoila, mpaka mwisho, akalamba vidole.

Jumanne, 22 Julai. Kanyigo

Tumelala Mutukula, asubuhi tumepitia kwa Koku kumpa kitenge. Amesema rangi ni ya wazee. Ameshakipeleka kwa fundi.

Nilimpa daftari hili asome wakati mimi na mjukuu tunasaidia kubeba maji. Nilipaswa kujua. Nimelikuta lina wino mwekundu kila ukurasa: nukta, herufi kubwa, "sentensi ndefu", "ubani sikuwahi kuchoma, ilikuwa maganda ya machungwa". Pale nilipoandika kwamba alinipigapiga begani taratibu, amekata mstari na kuandika pembeni: "Si kweli. Nilikung'ata mkono mpaka damu. Ndivyo ulivyoamka."

Nimelitazama kovu. Lina nusu duara mbili. Nimewaonyesha watu kovu hili tangu 1983 nikisema la Uganda, marehemu mke wangu, watoto, yule mama wa Nzega, na nilikuwa naamini.

Nimemuuliza kama niifute ile sentensi ya bega. Amesema hapana, yabaki yote mawili, ila lake liwe na herufi kubwa mwanzoni. Anakuja Morogoro Desemba, shule zikifungwa, ingawa alistaafu zamani na hakuna shule inayomhusu. Mjukuu ameambiwa ajenge choo cha kukaa.